Paa la bati na upepo unaorudiarudia: kulinganisha vifungio, vyuma na maumbo kabla ya kununua

Anayechagua bati kwa kawaida huuliza swali moja: linahimili upepo wa kasi gani? Anatajiwa namba, na mazungumzo yanaishia hapo. Namba hiyo ni nusu ya habari. Upepo mkali haulisukumi paa mara moja ukaenda zake. Hulivuta juu, huliachia, hulivuta tena, kila baada ya sekunde chache, na hali hiyo yaweza kuendelea kwa saa nyingi. Bati lililostahimili mvuto mkubwa mmoja maabara laweza kupasuka kwa mvuto mdogo zaidi uliorudiwa mara maelfu. Ndiyo maana ulinganisho huu hauanzi na rangi wala umbo. Unaanza na mahali padogo sana, pale skrubu, msumari au klipu inapokutana na bati. Naamini kabisa kwamba uchaguzi mwingine wote unapaswa kufuata kile kinachotokea hapo.

Mzigo wenyewe

Nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa kasi: kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne. Upepo wa mita 20 kwa sekunde, yaani kilomita 72 kwa saa, una shinikizo la takriban paskali 240, sawa na uzito wa kilo 24 hivi kwa kila mita ya mraba. Ukifika mita 40 kwa sekunde, shinikizo hupanda hadi paskali 960, karibu kilo 98. Bati la chuma la nusu milimita lina uzito wa kilo 4 hadi 5 tu kwa mita ya mraba. Uzito wa bati hauchangii kitu cha maana katika kulishikilia. Kinacholizuia lisiruke ni vifungio vyake.

Mzigo huo haulingani paa zima. Kwenye kona, kando ya kingo na karibu na kilele, hewa hugawanyika na kujipinda, na mvuto wa kwenda juu waweza kuwa mara mbili ya ule wa katikati ya paa, au zaidi. Dirisha au mlango wa upande wa upepo ukivunjika, hewa hujaa ndani na kulisukuma bati kutoka chini, na nguvu hiyo hujumlishwa na ile inayovuta kwa juu. Wanaojenga nyumba yenye uwazi mkubwa upande mmoja wanapaswa kulifikiria hili kabla ya jambo lingine lolote.

Tufanye hesabu ya skrubu moja. Papi (zile mbao au vyuma vya mlalo ambamo bati hufungwa) zimepangwa kila sentimita 90, na skrubu kila sentimita 30 juu ya papi. Kila skrubu basi inabeba eneo la mita ya mraba 0.27. Upepo wa mita 40 kwa sekunde, tukichukulia kwamba shinikizo lake lote linavuta juu, unaipa skrubu hiyo kilo 26. Kwenye kona ni kilo 52. Fundi akiruka skrubu moja katika kila mbili ili amalize mapema, zinakuwa kilo 104. Zaidi ya hayo, bati refu lililopita juu ya papi kadhaa haligawi mzigo sawasawa. Papi ya pili kutoka ukingoni hubeba zaidi ya nyingine, na kwa bati linalopita juu ya papi tatu tu, ile ya katikati hubeba asilimia 62 hivi ya mzigo wote. Ukikagua paa lililopigwa na dhoruba, anza kutazama hapo.

Kilo 52 zikivuta mara moja hazina tatizo kwa skrubu nzuri. Zikivuta na kuachia mara elfu kadhaa ni jambo tofauti kabisa, maana bati jembamba lililo chini ya kichwa cha skrubu hukunjika kidogo kila mara. Fundi asiye na koleo hukata waya kwa kuukunja huku na huku. Hakuna mkunjo hata mmoja wenye nguvu ya kuukata, lakini waya hukatika. Pembeni mwa tundu la skrubu, bati hupatwa na jambo hilohilo. Ufa mdogo huanza, hukua kwa kila pigo, huungana na mwenzake, na hatimaye bati huchomoka likipita juu ya kichwa cha skrubu ambayo bado imesimama imara mbaoni. Wahandisi huuita uchovu wa chuma.

Darwin, 1974

Jambo hili liliingia katika kanuni za ujenzi kwa gharama kubwa. Usiku wa kuamkia Krismasi ya 1974, kimbunga Tracy kilipita juu ya mji wa Darwin, kaskazini mwa Australia. Kipimo cha upepo cha uwanja wa ndege kilisoma kilomita 217 kwa saa kabla hakijaharibika. Watu 66 walifariki, na zaidi ya asilimia 70 ya nyumba za mji ziliharibiwa vibaya. Wachunguzi walipochambua mabaki waliona kitu kilichorudiwa nyumba kwa nyumba: mabati yaliyopasuka kuzunguka vifungio vyake, ingawa aina hizo za paa zilionekana zinafaa zilipopimwa kwa mzigo mmoja uliotulia. Jicho la kimbunga lilipopita juu ya mji, upepo ulikoma kidogo kisha ukarudi kutoka upande mwingine, na mabati yaliyokuwa yamekwisha kuanza kupasuka yakapigwa upya.

Tangu hapo Australia ilianza kudai kwamba bati la maeneo ya vimbunga lipimwe kwa mzigo unaorudiwa. Kipimo cha kwanza kilitaka mizunguko 10,000, yaani kuvuta na kuachia mara 10,000. Mwaka 1977 Chuo Kikuu cha James Cook, mjini Townsville, kilianzisha kituo maalumu cha kupima majengo dhidi ya vimbunga, na mengi tunayoyajua leo kuhusu uchovu wa mabati yametokana na kazi ya watu wa huko.

Msumari au skrubu

Hapa sioni mizani yoyote ya kusawazisha. Msumari wenye shina laini hushikwa na msuguano tu. Mbao ikikauka hunywea, ikilowa huvimba, na kila msimu mshiko hupungua. Upepo nao huuinua msumari kidogo, na unapoachia, msumari haurudi ulipokuwa. Pigo linalofuata linaanzia pale lile la kwanza lilipoishia. Msumari wenye shina lililosokotwa ni bora kuliko laini, na kwa banda la zana lililojificha nyuma ya majengo mengine, nitasema sawa, utumie. Kwa nyumba ya kulala watu, tumia skrubu. Nyuzi zake zimejikata njia ndani ya mbao, na ili ing'oke ni lazima zivunje nyuzinyuzi za mbao zilizozishika. Mapigo madogo hayaitembezi taratibu kama yanavyoutembeza msumari.

Lakini skrubu haimalizi kazi, inahamisha udhaifu. Kwa kuwa sasa mbao haiachii, kinachojaribiwa ni bati chini ya kichwa. Hapo ndipo tofauti kati ya skrubu na skrubu inapoonekana. Ile yenye washa ndogo (kile kiduara bapa kinachokaa chini ya kichwa cha skrubu) huukusanya mzigo wote kwenye duara jembamba. Ile yenye washa pana huutawanya. Bora kuliko zote ni zile zinazotengenezwa kwa ajili ya maeneo ya vimbunga: kibati kinene kilichoumbwa kufuata mgongo wa bati (sehemu yake iliyoinuka), chenye mpira chini yake, kinachokaa kati ya kichwa cha skrubu na bati. Kibati hicho huzuia mgongo usibonyee, na bati lisilobonyea halikunjiki huku na huku. Kama fedha ya mwenye nyumba inatosha kuboresha jambo moja tu kwenye paa lake, ningemshauri anunue hivi vibati kabla ya kufikiria bati la umbo jipya.

Mambo mawili ya ufundi yanaweza kuharibu hata skrubu bora. La kwanza ni urefu: skrubu ikipita mgongoni mwa bati hupoteza sehemu kubwa ya urefu wake hewani kabla haijafika mbaoni. Dai angalau milimita 35 za nyuzi zizame ndani ya mbao yenyewe. La pili ni kukaza kupita kiasi. Drili ikiachwa izunguke mpaka mpira ufurike nje ya washa na mgongo wa bati uzame, bati hilo limekwisha kukunjika mara yake ya kwanza kabla upepo haujafika.

Mgongoni au bondeni

Hapa kuna mizani ya kweli, na nimeona mafundi wazuri wakibishana bila kuafikiana. Skrubu iliyopita bondeni huligandamiza bati moja kwa moja juu ya papi. Hakuna nafasi tupu chini yake, kwa hiyo bati halibonyei, na tundu hupata mkunjo mdogo. Kwa upepo unaorudiarudia, bonde lina nguvu zaidi. Skrubu iliyopita mgongoni ina nafasi tupu chini yake, na kila mvuto huusukuma mgongo ubonyee kuzunguka kichwa cha skrubu.

Tatizo la bonde ni maji. Mvua yote inapita hapo, na mpira ukichakaa kwa jua, paa huvuja. Kuvuja si kero ya dari pekee: maji huozesha mbao inayoshika skrubu na kuanzisha kutu pembeni mwa tundu, na bati lililoliwa na kutu hupasuka mapema sana. Uamuzi wangu ni huu. Paa lenye mteremko mkali, bati lenye mabonde mapana, mpira wa ubora unaojulikana: bondeni. Paa la mteremko mdogo au bati la mawimbi: mgongoni, lakini kwa vibati vipana vilivyotajwa juu. Kinachonisikitisha ni kuona skrubu za mgongoni zenye washa ndogo kwenye paa la mteremko mkali, maana hapo umechukua udhaifu wa njia moja bila kuuhitaji.

Chuma kigumu na chembamba, au laini na kinene

Mabati mengi mepesi hutengenezwa kwa chuma kigumu sana, ambacho huanza kujipinda bila kurudi hali yake kwenye mkazo wa megapaskali 550. Chuma cha kawaida zaidi huwa na 300 hivi. Ugumu huo unaruhusu bati kuwa jembamba na bado kubeba mzigo mkubwa wa mara moja, lakini una bei yake: chuma kigumu hakinyumbuki sana, na ufa ukianza hukimbia. Kwenye bati la mawimbi la aina hiyo, nyufa mara nyingi hutawanyika kutoka tunduni kwa umbo la nyota.

Mabati mawili yakiwa na nguvu sawa kwa mzigo wa mara moja, moja jembamba la chuma kigumu na jingine nene la chuma laini, mimi ningechukua nene. Simaanishi bati gumu ni baya. Australia inalitumia sana hata mahali pa vimbunga, ila kwa papi zilizokaribiana na vifungio vilivyopimwa pamoja nalo. Ubaya unakuja pale mtu anapolinunua kwa sababu ni jepesi, kisha akalifunga kama bati la kawaida.

Unene usiununue kwa geji peke yake. Namba ya geji hupungua unene unapoongezeka, na geji moja haimaanishi unene uleule kwa kila mtengenezaji. Uliza milimita, na uliza kama ni za chuma kitupu au pamoja na kipako. Kipako cha aluminiamu na zinki chaweza kuongeza takriban milimita 0.05, na kwenye bati la milimita 0.42 hiyo si tofauti ndogo.

Mawimbi, migongo ya pembe, au mshono

Bati la mawimbi na lile la migongo ya pembe hutofautiana kidogo kuliko matangazo yanavyodai. Migongo mirefu ya pembe hulifanya bati kuwa gumu kati ya papi na papi, kwa hiyo hunyanyuka kidogo. Lakini migongo hiyo ikiwa mbali, vifungio navyo huwa vichache, na kila kimoja hubeba zaidi. Ukiwa na karatasi ya vipimo mbele yako, gawanya idadi ya vifungio kwa mita za mraba. Hesabu hiyo itakueleza zaidi kuliko picha ya bati.

Bati la mshono ni jamii nyingine. Kingo za mabati mawili husimama na kukunjwa pamoja, na klipu zilizofichwa ndani ya mshono ndizo zinazolishika. Hakuna tundu juu ya bati, basi ufa wa tunduni hauna pa kuanzia. Klipu zinazoteleza huliruhusu pia bati kurefuka kwa joto. Bati la chuma la mita 10 hurefuka milimita 6 hivi kwa tofauti ya nyuzi 50 za joto, na la aluminiamu karibu milimita 12. Kwenye bati la skrubu, mwendo huo hupanua matundu mwaka hadi mwaka, kwa hiyo tundu huwa limechoka hata kabla ya dhoruba.

Hata hivyo mshono una njia yake ya kushindwa. Upepo hulivimbisha bati kati ya mishono miwili, kingo huvutwa kando, na mshono huanza kufunguka karibu na klipu moja. Klipu hiyo ikiachia, ya jirani hupokea mzigo wake, na mfunguko husafiri. Mshono uliokunjwa mara mbili kwa mashine hustahimili hayo vizuri kuliko ule unaobanwa kwa mkono tu, na bati jembamba kwa upana ni bora kuliko pana. Kuna jambo jingine linalonisumbua kuhusu mshono: klipu hazionekani. Skrubu iliyolegea utaiona kwa ngazi na macho mawili. Klipu iliyolegea utaijua paa likiondoka. Kwa hiyo mshono ni chaguo la mahali penye fundi aliyefunzwa mfumo huo hasa na kukaguliwa wakati wa kufunga. Bila fundi huyo, bati la skrubu lililofungwa vizuri ni salama zaidi.

Kuhusu aluminiamu, kwa ufupi: karibu na bahari hailiwi na kutu kama chuma, na hilo ni jambo kubwa. Lakini ugumu wake wa kupinda ni takriban theluthi moja ya chuma, kwa hiyo hucheza zaidi kwa pigo lilelile. Ukiichagua, ongeza unene, sogeza papi, na tumia skrubu zisizoshika kutu.

Vyeti viwili visivyosema jambo moja

Mtengenezaji akisema bati lake limepimwa, muulize limepimwaje. Kipimo cha Marekani kiitwacho UL 580, chenye madaraja ya 30, 60 na 90, hudumu dakika 80 kwa kila daraja, na 60 kati ya hizo ni za mzigo unaopanda na kushuka kila sekunde 10 hivi. Hiyo ni mizunguko kama 360. Kipimo cha Australia kwa maeneo ya vimbunga hupanda na kushuka kwa mpango huu: mizunguko 4,500 ya asilimia 45 ya mzigo wa kipimo, 600 ya asilimia 60, 80 ya asilimia 80, mmoja wa asilimia 100, kisha kurudi nyuma, 80, 600 na 4,500. Jumla ni 10,361. Mpango huo unafuata maisha ya dhoruba yenyewe, inayokua, kufikia kilele, kisha kupungua huku bati likiwa limekwisha kuumia.

Kwa mahali pa dhoruba fupi za radi, cheti cha kwanza chaweza kutosha. Kwa pwani inayopigwa na vimbunga, ningeomba cha pili, na ningesoma maandishi madogo: kipimo kilifanywa kwa skrubu gani, washa gani, papi za umbali gani. Cheti ni cha mfumo huo mzima. Ukibadilisha skrubu, huna tena cheti.

Fedha iwekwe wapi

Si lazima paa zima lifungwe kwa ukali mmoja. Ukanda wa kingoni, wenye upana wa kati ya sehemu moja ya kumi na moja ya tano ya upana wa jengo, upate papi za karibu zaidi na skrubu kwenye kila mgongo. Katikati unaweza kulegeza kidogo. Kofia ya kilele na bati la ukingoni zifungwe kwa uzito uleule wa kona, maana zikibanduka, upepo hupata pa kuingilia chini ya mabati.

Kisha shuka chini ya bati. Baada ya kimbunga Larry kilichopiga Queensland mwaka 2006, wachunguzi walikuta nyumba za zamani ambazo bati lake jipya lilibaki limeshikana na papi kwa skrubu zake, lakini papi zote ziliondoka kwa sababu bado zilishikwa kwenye kenchi kwa misumari ya zamani. Anayebadilisha bati analo paa wazi mbele yake kwa siku chache. Huo ndio wakati wa kufunga papi kwa skrubu ndefu au vibati vya kushikia, na kenchi kwenye ukuta kwa mikanda ya chuma.

Paa lililopita salama kwenye dhoruba kubwa limetumia sehemu ya uhai wake, na sehemu hiyo hairudi. Siku upepo unapotulia na bati likiwa kavu, lipandiwe kwa uangalifu na likaguliwe kona kwanza, kisha papi ya pili kutoka ukingoni: vichwa vilivyozama, mpira uliochanika, mstari mwembamba wa kutu unaotoka chini ya washa. Mstari huo mara nyingi ndio ufa wenyewe. Bati lenye ufa halitengenezwi kwa kuongeza skrubu pembeni ya tundu la zamani. Hubadilishwa, au likiwa bado zima sehemu kubwa, tundu hilo huvikwa kibati kipana na skrubu mpya huwekwa kwenye mgongo wa jirani.